Bluu Si Mto

"Esteri, geuza! Wote mtoni!" redio ilifoka kwa sauti ya mkuu wake.

Esteri Nduwayezu, jasusi wa Idara, hakugeuza. Alikanyaga breki. Honda XL ikaserereka kando ya barabara ya Kibondo–Kasulu.

Saa nne na robo asubuhi. Saa sita, Cyriaque angekuwa maiti.

Cyriaque alikuwa mchonga chapa. Wafanya magendo wa silaha walimteka awachongee mihuri ya bandia ya kuvushia mzigo wao saa sita, kisha wamuue. Walimruhusu amtumie mkewe, Aline, picha moja tu ya chapa, ajue mumewe yu hai. Maneno marufuku. Walipoiona walicheka: madoa matupu!

Aline aliikabidhi Idara, na sasa Esteri aliikunjua juu ya tangi la pikipiki. Wekundu, ukingo hadi ukingo. Vijiti vyeusi, vifupi. Vipande vya bluu vyenye kingo zilizochanika. Katikati, mraba mweupe ambao wino haukuugusa.

Akabonyeza redio yake ya Motorola. "Mkuu Tamimu, nani kasema mto?"

"Mtaalamu wa sanaa kutoka Dar. Bluu ni Malagarasi. Vyeusi ni mitumbwi."

"Mto gani huchanika, mkuu? Hizo ni shitingi. Maturubai ya msaada. Mimi nimezaliwa chini yake."

"Na vijiti?"

"Visiki kwenye udongo mwekundu. Miti tuliyolaumiwa kuimaliza. Hapo ni kambi ya zamani, ile iliyofungwa. Huo weupe ni kanisa lililong'olewa paa."

"Esteri, mtaalamu ana shahada mbili."

"Mimi nina diploma na pikipiki."

Akazima redio. Gia. Moto.

Kanisa lilisimama wazi, jua likimwagika ndani. Land Cruiser moja nje. Dereva aliona bastola ya Browning mkononi mwa Esteri, akatimkia porini bila kuaga.

Ndani, Cyriaque alikuwa amepiga magoti mbele ya muhuri wa mwisho. Nyuma yake Marselino, kiongozi wa genge, na AK.

"Shira hasi!" Esteri alifoka kwa Kirundi. Weka chini!

Marselino akatabasamu. "Kumbe dada wa kwetu! Unawafia Watanzania hawa? Kesho watakwambia urudi kwenu."

"Kwetu ndipo ulipokanyaga."

Mtutu wa AK ukageuka.

Browning ikawahi.

Marselino alianguka akishika bega. Esteri akaipiga teke AK, akamfunga pingu. Kwenye Land Cruiser, chini ya magunia ya maharage, yalilala masanduku manne ya bunduki.

Cyriaque alifuta wino vidoleni. "Nilijua wataleta mtaalamu."

"Walimleta. Yuko mtoni."

Cyriaque akacheka mpaka akalia.

Esteri akawasha redio, akatoa taarifa. "Kazi nzuri," alisema Tamimu. "Naandika: mkimbizi mmoja kaokolewa."

"Futa, mkuu."

"Nini?"

"Andika: Cyriaque Ndayisenga. Msanii."

Kalamu ikasikika redioni.

"Nisomee."

Tamimu akasoma, herufi kwa herufi. Esteri akavaa miwani ya jua, akaipiga pikipiki kiki.