Fomu Aliyoijaza Zuri

Kila Jumapili mchana, nyumba ya akina Zuri pale Hallunda, ghorofa ya tatu, ilijaa watu utadhani kuna harusi. Viatu vilirundikana mlangoni mpaka njia ikakosekana, chai ya tangawizi ikachemka, na habari za watu zikachambuliwa moja baada ya nyingine: nani kahamia mtaa wa Jordbro, nani kajifungua, nani kanuniana na nani. Kwenye kona ya meza ya jikoni alikaa Zuri, binti wa miaka kumi na miwili, na mbele yake barua za watu. Kiswidi, lugha ya nchi waliyohamia, kilimtiririka kama maji, basi barua ya hospitali ilimngoja yeye, na ya mwenye nyumba ilimngoja yeye.

Jumapili moja ya mwezi wa nane kulikuwa na kazi kubwa kuliko zote. Mama yake, Getrude, na wenzake saba walikuwa na kipande cha bustani pembeni mwa mtaa. Walikipata baada ya kusubiri kwenye foleni miaka tisa, huku wengine waliojiandikisha nyuma yao wakipewa kabla yao. Sasa kulikuwa kumetangazwa mfuko wa kuwasaidia watu waliobaguliwa kwa rangi yao, ili nao wapate nafasi sawa ya kulima chakula karibu na makazi yao bila kuiharibu ardhi. Akina mama walitaka Zuri awajazie fomu ya kuomba kitu kimoja tu: kitalu nyumba, yaani banda la plastiki la kukuzia miche kwenye joto. Baridi ya mwezi wa tano ilikuwa imewaulia mboga miaka miwili mfululizo.

"Andika tunalima lengalenga," alisema Mama Godelieve, aliyetoka Kongo.

"Lengalenga ndiyo nini tena? Hiyo ni terere," alidakia Anti Wangari, Mkenya.

"Jamani, huo ni mchicha!" alisema Getrude. "Zuri, andika mchicha, hawa waache na majina yao."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Zuri hakucheka. Macho yalimuwasha.

Fomu iliuliza wanafanya nini na mavuno. Wote wakajibu kwa pamoja. Jumamosi wanachuma, kila mmoja anachukua fungu lake, mboga zinazobaki zinafungwa kwenye mifuko na kupelekwa milangoni mwa watu: kwa mzee Zephania mwenye miguu mibovu, kwa mzazi wa juzi, hata kwa yule jirani asiyesalimia.

Zuri aliona haya. Kugawa mifuko milangoni! Watu wa mfuko wa msaada wangewaona hawana mpango. Tena maswali sita yalikuwa bado.

"Jag orkar inte," alinung'unika kwa Kiswidi. Hakuwa na nguvu tena.

Akaandika haraka haraka maneno yake mwenyewe: kwamba kila Jumamosi wanauza mboga mezani kwenye uwanja wa mtaa, na kwamba wanafundisha kilimo watoto thelathini wa shule.

"Hebu tusomee," alisema mama yake.

Zuri akawasomea kwa Kiswahili yale waliyoyasema wao, si yale aliyoyaandika. Wakampigia makofi.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Afisa aitwaye Natalie angefika Jumamosi kuiona meza ya mboga na wale watoto. Zuri aliwaambia akina mama nusu tu: mgeni anakuja.

Jumamosi ikafika. Getrude alikuja bustanini moja kwa moja kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, viatu vya kazini bado miguuni, macho yakijifunga yenyewe. Natalie alikuwa dada mchangamfu. Baba yake alitoka Uganda, lakini yeye hakujua Kiswahili hata neno.

"Meza ya kuuzia iko wapi?" aliuliza kwa Kiswidi. "Na watoto je?"

Nyuso zote zikamgeukia Zuri. "Anasemaje?"

"Anasema... mboga zimestawi."

"Mwambie asante! Mwambie hatatoka hapa mikono mitupu!" alisema Mama Godelieve, na tayari alikuwa ameinama kukata majani.

Natalie alikuwa bado anasubiri jibu. Zuri alifungua mdomo aseme watoto wanaumwa, meza imevunjika. Ndipo alipomwona mama yake amejinyoosha, anaiweka sawa kanga yake na kumtabasamia mgeni kwa uso ambao haujalala, akiamini kabisa binti yake anafikisha maneno yake. Zuri akauacha uwongo ule.

"Hakuna meza," alisema kwa Kiswidi. "Wala hakuna watoto. Nilitunga mimi. Wao hawajui."

Kisha akamgeukia mama yake, akayasema tena kwa Kiswahili. Safari hii yalikuwa mazito zaidi.

Kisu cha Mama Godelieve kikasimama. "Weye Zuri! Na makofi yote yale tulikupigia!"

"Na mimi nilishatangaza kanisani kuwa tunapata kitalu," alisema Anti Wangari, akashika kiuno.

Natalie akafunga faili lake. Zuri alilazimika kutafsiri kila neno: ombi lina mambo yasiyo ya kweli, haliwezi kuendelea. Wangeruhusiwa kuomba upya mwezi wa tatu.

"Basi baridi ya mwezi wa tano itatukuta hivi hivi," alisema Getrude taratibu.

"Itawakuta," alijibu Natalie. "Na safari nyingine nitaleta mkalimani mtu mzima. Hii si kazi ya mtoto."

Mwezi wa tatu fomu ikajazwa upya, na mkalimani aitwaye Japhet akaisoma sentensi kwa sentensi, mifuko ya milangoni ikiwemo. Baridi ya mwezi wa tano nayo haikusubiri. Kwa wiki mbili Zuri aliamka kabla ya shule kufunika miche kwa mashuka makuukuu, vidole vikimganda, na bado nusu ya mchicha ilikufa. Barua ya kukubaliwa ilikuja mwezi wa sita.

Jioni hiyo Getrude aliketi kando ya binti yake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mwanangu, mtu akikupa maneno yake uyafikishe, amekupa kitu asichoweza kukikagua. Ukiyabadilisha, hata kwa nia njema, umemnyang'anya. Tena ulisema uwongo ili kazi iishe upesi, nasi tumeifanya mara mbili na mboga tumepoteza. Na kumgawia jirani chakula si jambo la kuonea haya."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini na sisi wakubwa tulikosea. Tulikubebesha mizigo yetu, hatukukuuliza hata siku moja kama umechoka. Kuanzia leo, ukichoka, sema. Ukweli huo nitausikiliza."

Zuri alitazama barua tatu mpya zilizoachwa mezani.

"Mama, leo nimechoka."

Getrude akazikusanya, akazitia kwenye mkoba wake. "Haya. Nenda kacheze."