Nyanya Zilizozama

"Mama, nimeua," binti alisema kwenye simu.

 Mama yake akauliza taratibu, "Umeua nani, mwanangu?"

"Miche ya nyanya. Tuta zima. Nimeiua kwa maji."

Mama akashusha pumzi. "Siku nyingine anza na nyanya, ndipo useme umeua. Moyo wangu umezeeka."

Binti alitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Mtaani walimwita Mbio. Jina alilopewa na wazazi hakuna aliyelijua, maana hakuwahi kusimama muda wa kutosha kulitaja. Ukimsalimia, anakujibu akiwa ameshakupita. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Asubuhi vipindi, mchana maktaba, jioni ripoti.

Alipanga chumba kimoja na mwenzake. Mwenzake akaenda mafunzo ya kazi mji mwingine, akaacha godoro limeegemezwa ukutani. Mbio akawa analiaga godoro akitoka na kulisalimia akirudi. Godoro lilikuwa na adabu zake. Halikumkatiza maneno hata siku moja.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aanzishe mradi na majirani zake. Mwisho wa mwaka mkufunzi angekuja kuutazama. Mradi ukifa, mwanafunzi anarudia mwaka. Na mama yake Mbio alikuwa ameshauza cherehani yake ili mwaka huu upatikane. Mwaka mwingine hakuwa na cha kuuza.

Mbio alichagua bustani. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kitupu, karibu na bomba la maji. Majirani walikuja siku moja, wakalima, wakapanda nyanya. Mama Pacha alikuja na watoto wake wawili. Kinyozi alikuja na redio. Fundi viatu alikuja na maneno mengi na jembe bovu. Siku hiyo walicheka sana. Kisha kila mtu akarudi kwake na kufunga mlango.

Kuitisha kikao kungemlia Mbio jioni nzima. Akaona njia ya mkato. Kila alfajiri alimtumia kila jirani ujumbe wake peke yake: "Naomba leo uimwagilie bustani." Ujumbe ni ule ule, kwa watu wote. Alijiona mjanja.

Yeye mwenyewe alipita bustanini kila jioni. Juu udongo ulionekana mkavu, kwa hiyo alimwaga ndoo. Ukweli ni kwamba hakutaka kwenda chumbani mapema. Bustanini angalau kulikuwa na kitu kinachomngoja.

Baada ya muda majani ya chini yakawa ya njano. "Kiu hiyo," Mbio akajiambia. Akaongeza ndoo. Mashina yakalegea pale yanapoingia ardhini. Asubuhi moja alikuta miche imelala kama walevi.

Akaenda ofisi ya kilimo. Bibi shamba, mwanamke mnene wa kucheka ovyo, alikuja na pikipiki yake. Alikanyaga kando ya tuta, kiatu kikazama na kubaki.

"Samahani, mwanangu," alisema akiwa amesimama kwa mguu mmoja. "Hapa mnafuga samaki?"

"Nyanya, bibi shamba."

"Basi hizi zilitakiwa kufundishwa kuogelea. Niitie wenzako."

Walikuja wote jioni, wakasimama mbalimbali kama watu wanaongoja daktari.

"Nani anamwagilia?" bibi shamba akauliza.

"Mimi," akasema Mama Pacha. "Asubuhi, nikishaanika nguo."

"Kumbe na wewe?" Kinyozi akashangaa. "Mimi namwagilia mchana."

"Na mimi alfajiri, kabla sijafungua kibanda," akasema fundi viatu. "Nilijua niko peke yangu. Nikawa nawasema nyie moyoni kuwa ni wavivu."

"Tumekusikia sasa," akasema Mama Pacha.

Mbio alisema kwa sauti ndogo, "Na mimi jioni. Ujumbe nilimtumia kila mtu. Kosa ni langu."

Kinyozi akajikuna kichwa. "Si lako lote, dada. Hata usingetuma ningekuja. Wateja siku hizi hakuna. Nakuja hapa nikae kidogo nisikie upepo. Sasa mwanaume mzima kukaa tu bila kazi naona haya. Basi namwaga maji."

Hakuna aliyemcheka. Mama Pacha alitazama chini.  Mbio alimwelewa kinyozi kabisa.

Bibi shamba akang'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka. "Mizizi inahitaji hewa kama mimi na wewe. Maji yakijaa kwenye udongo, hewa inatoka, mizizi inaoza. Mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana mmea unanyauka kama wenye kiu, na nyie mnazidi kuumwagia."

"Sasa tutajuaje kama una kiu kweli?" Mbio akauliza.

"Una kidole?"

"Ninavyo kumi."

"Kimoja kinatosha. Kizamishe chote kwenye udongo. Juu panakauka upesi, pasikudanganye. Ukikuta unyevu chini, weka ndoo chini urudi nyumbani. Ukikuta pakavu, mwagilia asubuhi, kwenye shina, si kwenye majani. Majani yakishinda na maji yanaleta magonjwa."

Ndipo usiku ule Mbio akampigia mama yake na kumwambia ameua.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Mbegu zipo?" akauliza.

"Zipo."

"Basi hujamaliza. Pandeni tena."

Waling'oa miche iliyooza, wakaitupa mbali na bustani. Waliacha udongo ukauke. Wakainua matuta mapya sehemu nyingine ya kiwanja na kuchimba mfereji wa kutolea maji. Miche mipya ilipokua waliihamishia pale, wakafunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee haraka. Walipeana siku, kila mtu yake. Karibu na bomba waliweka kopo. Aliyemwagilia analifudikiza, mdomo chini, na mwenye siku inayofuata analiinua asubuhi. Ukilikuta limefudikizwa, unajua maji yametosha.

Nyanya zikakubali. Zilizaa mpaka ikabidi zifungiwe miti. Mkufunzi alipokuja alizamisha kidole chake, akakifuta kwa kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mbio alifaulu. Mama yake alilia kwenye simu, kisha akakana kuwa alilia.

Jioni ile mlango wa Mbio uligongwa. Alipofungua hakuona mtu. Chini palikuwa na bakuli la nyanya la Mama Pacha.

Akaenda bustanini akitumaini kumkuta amshukuru. Kopo lilikuwa limefudikizwa. Kinyozi alishapita, maana siku ilikuwa yake. Mbio alizamisha kidole. Unyevu mzuri. Hapakuwa na kazi yoyote ya kufanya, wala mtu. Mpango ulikuwa mzuri mno. Kila mtu alikuja siku yake, akafanya yake, akaondoka. Tangu siku ya kuhamisha miche hawakuwahi kusimama tena pamoja.

Mbio akageuza ndoo, akaikalia. Akatoa simu. Safari hii hakumtumia kila mtu peke yake. Alifungua kundi la bustani kwenye simu, akawaingiza wote, akaandika:

"Majirani, Jumamosi jioni naomba tukutane hapa. Hakuna kumwagilia. Tukae tu."

Alama zilionyesha wameusoma wote. Alingoja. Jua lilishuka nyuma ya mabati, na akina Mama Pacha wakawasha taa ndani. Simu ilikuwa kimya mapajani.

Akaandika tena:

"Hata mmoja tu."