Nafasi ya Tatu Katika Chumba cha Nguo

Jua lilikuwa limeshagusa vilima vya mji wa Kanye wakati Sethunya alipotoka na chaki, futi ya kupimia na kitambaa kilicholowa, kwenda kuchora choo. Wanawake wenzake jioni hufuata maziwa. Yeye alikwenda kuchora choo, tena kwa furaha, kama anakwenda ngomani.

Modiri, mchora ramani, ndiye aliyemshauri. "Mama, nyumba haijulikani kwenye karatasi. Kaichore sakafuni, ukubwa uleule, halafu tembea humo ndani. Pale utakapojigonga ndipo nitakapofuta."

Nyumba mpya ilisimama nyuma ya ile ya zamani, kuta juu, paa bado. Chumba chake kilikuwa cha mwisho. Sethunya alipiga magoti kwenye saruji akaanza. Kitanda hapa. Mlango wa chumba cha nguo, hapa. Chumba cha nguo nafasi mbili za kutundikia, kulia ya mumewe, kushoto yake. Halafu mlango mwingine, na bafu: choo kijifiche nyuma ya mlango kisionekane kitandani, beseni la kunawia chini ya dirisha, bomba la mvua kwenye ukuta unaopakana na jiko ili mabomba yasitembee safari ndefu.

Modiri alikuwa amembishia. "Ukipitia kwenye nguo kwenda kuoga, mvuke utaingia humo. Nguo zitaota ukungu."

"Zitaota zangu au zako?"

"Zako, mama."

"Basi wewe chora."

Alijua anachokitaka. Aamke, aoge, avae, atoke, na katika safari hiyo yote asikutane na mtu ila Oteng, mumewe. Oteng alikuwa msimamizi wa zamu kwenye mgodi wa almasi kule Jwaneng, huja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Siku mbili kwa wiki, na hata hizo mbili Sethunya aligawana na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa kaburini.

Gadifele, mke wa kwanza, alikufa kwa maumivu ya kichwa ya siku mbili tu. Alikuwa mwanamke mrefu, na kila msumari katika nyumba ya zamani ulipigwa kwa kimo chake. Sethunya ni mfupi. Akitaka kutundika taulo, apande kigoda. Akitaka sufuria, kigoda. Miaka sita anapanda kigoda kwa ajili ya maiti! Na majirani, Mungu awape wanachostahili, hawakuacha kumkumbusha: Gadifele alijua kupiga pasi, jamani. Oteng alikuwa akipita njiani shati lake linakata kama kisu.

Kwa hiyo alichora. Giza likaanza kuingia. Alipomaliza alisimama katikati ya nafasi yake, akanyoosha mikono kushoto na kulia, akacheka peke yake.

Ndipo alipoisikia harufu.

Harufu ya nguo iliyopigwa pasi sasa hivi. Ya moto, yenye wanga, inayopanda puani kama chakula. Akageuka. Kuta tupu, mchanga, ndoo ya mafundi. Na nyumba ya zamani alikuwa ameifunga, hamna mtu.

Alikusanya vitu vyake akaondoka. Hakukimbia, ila hakutembea pia.

Kesho yake jioni alirudi. Mchoro ulikuwepo, lakini haukuwa wake. Mistari ilikuwa imesogezwa. Beseni la kunawia halikuwa moja tena, yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu. Chumba cha nguo kilikuwa kimeongezwa nafasi… moja, mbili, tatu. Na ukutani, juu ya ile ya tatu, palikuwa na alama ya chaki kuonyesha pa kuweka chuma cha kutundikia henga. Sethunya alinyoosha mkono. Akasimama kwa vidole vya miguu.

Hakuifikia.

"Mbwa mzee," alisema kwa sauti. Alimaanisha Shangazi Kelebonye, shangazi yake Oteng, aliyeishi nyumba ya pili kutoka getini. Huyo ndiye aliyempenda Gadifele kama mwanawe, na siku ya harusi ya Sethunya alivaa nyeusi akasema ni baridi. Nani mwingine angekuja kumchezea? Sethunya akafuta kila kitu kwa kile kitambaa, akachora upya, akakoleza mistari mpaka chaki ikamwishia mkononi.

Asubuhi alikwenda kwa Modiri. Alimkuta ameinamia meza, macho mekundu.

"Mama, nani anaingia ofisini kwangu?"

"Mimi nitajuaje?"

Alimgeuzia karatasi. Nafasi tatu. Mabeseni mawili. "Nimefuta mara mbili. Nafunga mlango, naondoka na ufunguo. Nikirudi, iko hivi. Na penseli si yangu, mimi sikandamizi hivi." Alishusha sauti. "Mzee Oteng ana… ana mpango wa kuoa mwingine? Niambie tu, nitanyamaza."

Kama angempiga kofi ingekuwa nafuu. Wivu ulimpanda Sethunya mpaka masikio yakawasha. Alichana karatasi ile vipande vinne. "Chora yangu," alisema. "Watu wawili. Mke mmoja."

Jioni ya tatu alikwenda mapema akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko, amsubiri Kelebonye na chaki yake. Jua likazama. Ndege wakanyamaza. Baridi ya kule huja kama mtu amefungua mlango.

Kisha akasikia.

Krrr… krrr… chaki juu ya saruji, taratibu, kama ya mtu asiye na haraka kwa sababu yuko kwake.

Halafu, tsss.

Sauti ya kidole kilicholoweshwa mate, kinachogusa pasi kujua kama imekolea.

Sethunya alibana meno. "Shangazi," alinong'ona. "Nakuona. Toka."

Krrr…

"Shangazi, nimesema nakuona!"

"Unaongea na nani?"

Sauti ilitoka nyuma yake, getini. Kelebonye alikuwa amesimama pale na taa mkononi, blanketi mabegani, akihema kwa mwendo.

Ndani ya chumba, chaki ikakoma.

Mwanamke mzee aliinua taa, akanusa kama mbuzi anayenusa mvua, na uso wake ukasawijika.

"Pasi," alisema.

"Shangazi, twende."

"Hatwendi. Nguo ziko wapi, Sethunya?"

"Nguo gani?"

"Usinifanye mtoto. Sanduku la Gadifele."

Kila mtu pale anajua desturi. Mtu akifa, nguo zake zinawekwa, zinafuliwa, kisha mjomba wake anaita ndugu na kuwagawia. Bila mjomba hakuna anayegusa hata kitambaa cha kichwa. Mjomba wa Gadifele alikuwa kwenye migodi ya Afrika Kusini, barua zikaenda, zikarudi, miaka ikapita, na sanduku la bati likabaki katika nyumba ya Oteng likimsubiri. Mwaka jana, watu wote walipokuwa kwenye zizi la mbali kuhesabu ndama, sanduku likapotea. Sethunya alisema wezi.

"Wezi," alisema tena.

"Wezi waliacha redio, wakachukua sketi za marehemu?"

Sethunya alitazama chini. Alikuwa ameshapanga uongo mwingine, lakini harufu ile ilimjaa kooni.

"Nilimkuta amelifungua," alisema kwa kunong'ona. "Oteng. Usiku wa Ijumaa, siku yangu mimi. Ameshika sweta lake la bluu, amelifunika usoni. Hajawahi kunusa nguo yangu mimi, Shangazi. Hata siku moja."

"Ukazipeleka wapi?"

"Nikazichoma."

Kelebonye aliketi juu ya matofali. "Zote?"

"Mpaka vifungo."

"Mjinga wewe," alisema, lakini bila ukali, na hilo ndilo lililotisha. "Unafikiri tunagawa nguo kwa sababu ya umaskini? Maiti hutoka uani kwa migongo ya watu. Dada akivaa koti, anamtoa kidogo. Binamu akivaa viatu, anamtoa kidogo. Mpaka anaisha. Wewe umemchomea njia. Sasa atoke na nini? Uchi?"

"Mimi nilitaka aondoke…"

"Umemfunga hapa. Na mwanamke aliyebaki atataka pa kutundika."

Alimwambia la kufanya. Amwite mjomba, arudi mwenyewe kutoka huko aliko. Aseme mbele yake na mbele ya Oteng alichokifanya. Kisha alete nguo zake mwenyewe, zote, mpaka ile ya harusi, zigawiwe kwa jina la Gadifele. Abaki na aliyoivaa.

"Oteng ataniacha."

"Huenda."

"Basi sisemi."

Mwanamke mzee alichukua taa yake. "Jenga basi, bibi harusi," alisema. "Mimi sitakanyaga humo."

Akajenga. Modiri alichora nafasi mbili, akaapa kwa mama yake ni mbili. Lakini mafundi walipotoa kamba zao, chumba cha nguo kilikuwa na nafasi tatu, na kila fundi alisema amefuata ramani. Sethunya hakubishana. Aliagiza matofali, akasimama palepale mpaka ile ya tatu ikazibwa kutoka sakafuni hadi darini, ikapigwa lipu, ikapakwa rangi nyeupe. Kulia ya Oteng, kushoto yake, na katikati ukuta. Akatundika magauni yake kwenye chuma alichokifikia bila kigoda. Majirani walikuja, wakapita kwenye nguo, wakafika bafuni, wakafungua maji ya moto na kuyafunga, wakasema kweli wameona nyumba. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwake.

Wiki ya kwanza aliweka kiganja kwenye ule ukuta wa katikati.

Ulikuwa wa moto. Moto wa chuma kilichowekwa chini sasa hivi.

Mvuke, alijiambia. Modiri alisema mvuke.

Kisha mashati. Jumamosi Oteng alitoka chumbani amevaa shati jeupe, kola imesimama, mikono inakata. Alimshika Sethunya kiunoni mbele ya wageni. "Mnamwona mke wangu? Nyumba mpya imemfundisha pasi!"

Wageni wakacheka. Sethunya naye akacheka. Hakuwa amegusa pasi tangu Jumatano.

Angesema nini? Siyo mimi? Mwanamume aliyekuwa akila kimya miaka sita sasa alikuwa akimsifia. Viatu vyake vilikutwa vimeng'arishwa. Vifungo vilivyolegea vilikutwa vimeshonwa, kwa uzi uliofungwa mafundo mawili, na Sethunya hufunga moja. Kila sifa aliipokea, na kila sifa ilimchoma kama kaa la moto, maana alijua inakwenda kwa nani. Alianza kuamka alfajiri ili awahi kupiga pasi mwenyewe. Alikuta mashati yameshapigwa. Alificha pasi kwa dada yake, ng'ambo ya mji. Mashati yakaendelea kukata kama kisu.

Ijumaa moja alirudi kutoka kwa huyo dada yake magharibi ikiwa inaingia. Gari la Oteng lilikuwa uani, amewahi. Chumbani hakuna taa. Alivua viatu, akaingia kwenye chumba cha nguo kwa soksi, na mbele yake, chini ya mlango wa bafu, kulikuwa na mstari wa mwanga na mvuke unaotoka polepole.

Maji yalikuwa yanatiririka. Oteng alikuwa anacheka.

Si kicheko anachowapa wageni. Kingine, cha chini, cha mtu anayekandwa mgongo. Sethunya hakuwahi kukisikia, na alijua palepale kwamba kipo siku zote, ila hakuwa wake.

"Hapo," Oteng alisema. "Taratibu… hapohapo."

Sethunya aliweka mkono kwenye kitasa.

Ndipo sauti nyingine ikajibu. Ya mwanamke. Nzito kidogo, ikitoka juu, karibu na bomba la mvua, kama ya mtu mrefu.

"Nyamaza. Atasikia."

Na Oteng, bila hata kushusha sauti:

"Asikie. Nyumba ni yako."

Mkono wake ulibaki kwenye kitasa. Angefungua. Kufungua ni kazi ya nguvu ndogo sana, mtoto anaweza. Lakini akifungua ataona yupo, au ataona hayupo, na hakujua lipi lingemuua. Nyuma yake, ndani ya ukuta uliozibwa, henga moja iligonga nyingine. Kwa upole.

Alitoka kinyumenyume. Alivaa viatu uani, akaketi kwenye ngazi ya jiko, akakaa hapo mpaka maji yakafungwa.

Oteng alitoka baadaye, shati safi, shingo bado ina matone. Alikuwa peke yake. Alisimama mlangoni akamwona.

Aliziangalia nywele zake. Kavu. Gauni lake. Kavu, na vumbi la barabarani kwenye pindo. Viatu vyake miguuni. Alitazama vyote hivyo, kimoja kimoja, kama mtu anayehakikisha jambo alilokwisha kulijua.

Hakushangaa.

"Umefika saa ngapi?" aliuliza.

"Sasa hivi," Sethunya alisema, akainuka kwenda kupika.