Nisubiri Kwenye Kereta

Soko la Kapasan, mjini Surabaya, siku ya Jumamosi halina pa kuweka unyayo. Wachukuzi walikuwa wakipita na marobota ya vitambaa mabegani, wakipiga kelele "Maji ya moto! Maji ya moto!" ili watu wawapishe, ingawa hapakuwa na maji wala moto. Katikati ya vurugu hiyo mwanamume mmoja mwenye fulana ya njano alitokea mbele ya kibanda cha Niken, jasho linamtiririka, amekumbatia katoni kubwa kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye nyumba inayoungua.

"Dada, niokoe. Nina jezi ishirini na tatu humu, tupu kabisa, hazina namba wala majina. Na mechi ni kesho saa tisa."

Niken alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mtandio wake wa kijani ameufungia kisogoni usije ukagusa mashine, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni. Alikuwa akibandika namba na majina kwenye jezi za timu za mitaani tangu baba yake alipomwachia kibanda.

"Za mwanzo zimekwenda wapi?"

"Begi letu limepotea safarini. Limepandishwa ndege nyingine, sasa hivi nadhani linatalii Manila."

"Gampang!" alisema Niken, akiwasha mashine.

Mwanamume alirudi nyuma hatua mbili, uso umembadilika. "Nimekukosea nini, dada, mpaka unitukane?"

"Nani kakutukana? Nimesema ni rahisi. Gampang, rahisi!"

Mwanamume akaangua kicheko mpaka akaiweka katoni chini. Huko kwao Malaysia, alieleza, neno hilo humwambii mtu kama hutaki ngumi: ni tusi la mtoto asiyejulikana baba. Niken aliziba mdomo kwa mtandio. Lugha za nchi zao mbili ni ndugu wa tumbo moja, lakini ndugu nao wana siri zao.

Aliitwa Wan Zulhelmi, Helmi kwa kifupi, mtu wa Kuala Terengganu, na kazi yake ilikuwa kutunza vifaa vya timu ya Malaysia ya vijana chini ya miaka kumi na sita. Mashindano ya nchi jirani yalikuwa yameanza wiki hiyo, na Surabaya nzima haikuzungumzia kitu kingine. Helmi alikaa pale kibandani toka adhuhuri hadi karibu na magharibi, akikata herufi na kumpangia majina.

"Huyu namba tisa jina lake refu hivi, mgongo wake unatosha?" aliuliza Niken.

"Ana miaka kumi na mitano. Mgongo utaongezeka."

"Na wewe utacheza namba ngapi?"

"Mimi nacheza maji. Nabeba chupa."

Alipoondoka, jirani zake wa soko hawakumpa nafasi ya kupumua. "Niken wa Kuala Lumpur!" alipiga kelele muuza vifungo wa upande wa pili. "Unawavalisha maadui!" Niken alimrushia rula ya plastiki, lakini alikuwa anacheka, na mashavu yalikuwa ya moto bila kukaribia mashine.

Siku mbili baadaye jezi ya kipa ilichanika begani. Helmi alipiga simu, na Niken, ambaye angeweza kumtuma mtu, aliamua kuipeleka uwanjani Sidoarjo mwenyewe. Walikaa ndani ya gari jeupe la vifaa, milango imeachwa wazi, miguu yao inaning'inia nje, wakila rujak, kachumbari ya matunda na mboga, aliyoifunga Niken kwenye jani la mgomba.

"Tamu sana. Hiki laini ni nini?"

"Pua ya ng'ombe."

Alitafuna taratibu, akameza kwa shida, akasema, "Ningekuwa sikupendi, ningetema."

Lilimtoka tu. Niken akamwekea kipande kingine kwenye jani lake.

Kuanzia hapo simu ya Niken ikawa haitulii jioni.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe, bwana jezi?"

"Wali na kuku. Sijashiba."

"Hoteli nzima hiyo hujashiba?"

"Hakuna wa kunisema nikila."

"Mashindano yakiisha, nitakupeleka Malang," Niken alimwambia siku moja. "Ukaone milima, ule tufaha hadi uchoke."

"Popote utakaponipeleka, bibie."

Niken alikuwa akizima simu na kukaa kitandani, furaha na hofu vimemshika pamoja. Miaka sita nyuma alikuwa amechumbiwa na Gatot, fundi bomba. Gatot alikwenda Malaysia kutafuta kazi mashambani, akaahidi kurudi baada ya miezi sita. Niken alimsindikiza hadi stesheni ya Gubeng, akampungia mkono mpaka behewa la mwisho likapotea. Ujumbe ulikuja kila wiki, kisha kila mwezi, kisha ikaja picha ya harusi, na aliyemtumia hakuwa hata Gatot. Tangu hapo Niken alikuwa amejiapiza hatamsubiri mwanamume tena.

Nusu fainali ikawakutanisha wenyeji na Malaysia. Sokoni watu walivaa nyekundu na nyeupe tangu asubuhi. Saa saba mchana simu ya Niken iliita, na nyuma ya sauti ya Helmi kulikuwa na ngoma na honi.

"Niken, sina muda. Meneja anakusanya simu za msafara mzima, watu wanatutukana mitandaoni na vijana wanasoma. Nisikilize. Leo saa kumi na mbili, nisubiri kwenye kereta. Nina jambo la kukuambia."

"Jambo gani?"

"La kuambiwa uso kwa uso. Utakuja?"

"Nitakuja."

Kereta. Kwa mtu wa Surabaya neno hilo ni treni tu, na treni ya kwenda Malang inapandiwa Gubeng. Kumbe hakusahau safari yetu, aliwaza Niken, moyo ukimdunda.

Mechi aliitazamia kwenye televisheni ya muuza vifungo. Wenyeji walishinda mbili kwa moja, bao la dakika za mwisho, na soko zima liliruka. Niken naye aliruka, maana damu ni damu, halafu akamwona kwenye skrini mtu mwenye fulana ya njano akimfunika taulo namba tisa aliyekuwa analia, na yeye machozi yakamlenga.

Saa kumi na moja alifunga kibanda. Alivaa gauni la batiki ya kahawia lililombana kiunoni kidogo tu, mtandio wa rangi ya maziwa, na rangi ya mdomo aliyoifuta mara mbili na kuipaka mara tatu. Alifika Gubeng mapema. Akakaa kwenye kiti cha chuma mkabala na lango la kuingilia, pochi mapajani.

Saa kumi na mbili ikafika. Ikapita. Treni ziliita, watu wakashuka na mabegi na maboksi, kila fulana ya njano ikamfanya asimame nusu. Alipiga simu: imezimwa. Akajiambia kuna foleni. Akajiambia wamefungwa, ana majonzi, atachelewa. Saa mbili mlinzi wa stesheni alimsogelea kwa upole.

"Dada, unamsubiri mgeni?"

"Hapana," alisema Niken, akainuka. "Simsubiri mtu."

Alitembea hadi nyumbani, viatu mkononi, akijitukana yeye kwanza, Helmi baadaye.

Siku mbili hakusema na mtu. Alibandika namba kwa hasira hadi mashine ikatoa moshi. Asubuhi ya siku ya tatu Bi Paini, mama wa makamo aliyeuza wali sokoni, alimwekea sahani mbele na kukataa kuondoka.

"Kula. Na useme. Nani kafa?"

Niken alijaribu kunyamaza, akashindwa. Alimmwagia yote, toka katoni hadi kiti cha chuma. "Akaniambia kwa mdomo wake, Bi Paini. Nisubiri kwenye kereta. Saa mbili nzima nimekaa pale kama mzigo usio na mwenyewe. Wote ni wale wale."

Bi Paini alikuwa ameacha kupangusa meza. "Amesema kereta?"

"Kereta."

"Na yeye ni mtu wa wapi, nikumbushe?"

"Malaysia, Terengganu huko. Si nimekwambia?"

Bi Paini alikaa chini, akajipiga paja, akacheka mpaka wateja wakageuka. Alikuwa amefanya kazi za ndani Johor miaka tisa. "Mwanangu! Kule kereta ni gari! Gari la magurudumu manne! Wiki ya kwanza tajiri yangu aliniambia nikaoshe kereta, nikabaki namtazama, nikajiuliza hawa watu wana fedha kiasi gani!"

Niken aliweka kijiko chini. Aliliona gari jeupe, milango wazi, miguu miwili miwili ikining'inia.

"Alinisubiri," alisema. "Bi Paini, alikuwa ananisubiri."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui!"

"Mechi yao ya mshindi wa tatu ni leo saa tisa. Kesho wanaondoka. Kula basi, halafu ukimbie."

Hakula. Simu ya Helmi bado ilikuwa imezimwa, na hotelini walinzi hawamruhusu mtu kupanda. Akavuta kitambaa cheupe cha mita tatu, akawasha mashine. Muuza vifungo alikuja kuchungulia, akasoma, akakuna kichwa, kisha akashika upande wa pili wa kitambaa ili herufi zisipinde.

Uwanjani Sidoarjo mashabiki wa Malaysia walikuwa kama arobaini tu, wengi wanafunzi, wamekaa pamoja nyuma ya benchi la timu yao iliyokuwa ikicheza na Laos. Niken alijipenyeza katikati yao.

"Samahanini, wadogo zangu. Mnisaidie kushika hiki."

Msichana mmoja alikisoma, akapiga ukelele, akawavuta wenzake. Wakakiinua wote kwa pamoja: HELMI, HUKU KERETA NI TRENI!

Helmi alikuwa amepiga magoti kando ya uwanja akipanga chupa za maji. Uso wake ulikuwa umesinyaa kama jezi iliyofuliwa bila kunyooshwa. Kelele za wanafunzi zilimfanya ageuke. Alisoma mara ya kwanza, hakuelewa. Alisoma mara ya pili. Chupa zote sita zilimponyoka na kubingirika hadi uwanjani, mwamuzi wa akiba akamfokea, na yeye akawa anaziokota huku anacheka, anafuta macho kwa mkono wa fulana, anaokota, anatazama juu tena kuhakikisha kwamba yule wa mtandio wa kijani hajaondoka.

Malaysia walishinda kwa penalti. Niken hakumbuki aliyefunga.

Filimbi ilipolia alimkuta kwenye gari jeupe. Walisimama umbali wa hatua moja, kila mmoja ana aibu.

"Nilikaa Gubeng mpaka saa mbili," alisema Niken. "Nikasema wewe ni mwongo."

"Mimi nilikaa hapa hapa. Timu ikapanda basi, nikakataa kuondoka. Meneja alikuja kunitoa mwenyewe. Nikasema moyoni, nchi yake imeshinda, amekwenda kusherehekea, mimi ni mbeba chupa tu."

"Mjinga wewe."

"Mjinga mimi. Sikuwa na simu, na namba yako siijui kwa kichwa. Sasa naijua. Nimeiandika ndani ya kofia, hata wakininyang'anya kila kitu."

Niken alicheka, na kicheko hicho kilitoka na uzito wa miaka sita. Aliegemea mlango wa gari. "Haya, lile jambo. Sema basi."

Helmi alikohoa. Alitoa simu, iliyokuwa imerudishwa dakika kumi zilizopita. "Jambo lenyewe ni mama yangu. Nataka azungumze na mama yako. Lakini kwanza azungumze na wewe, kama unapenda. Kama hupendi..."

"Piga."

Sauti ya mama ilitoka kwa kasi, lahaja nzito ya Terengganu, maneno yamekatwa mikia yote. Niken alishika simu kwa mikono miwili. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Ndiyo kabisa, mama. Amin." Upande wa pili kikalipuka kigelegele, halafu simu ikakatika.

Helmi alikuwa ameinama, mabega yanatikisika.

"Unacheka nini? Kasema nini?"

"Umeelewa hata neno moja?"

"Nimeelewa jina lako."

"Amekuuliza kama utakubali kuolewa na mwanawe. Ukasema ndiyo. Akauliza kama waje kwenu Mfungo Mosi, mara baada ya Idi. Ukasema ndiyo kabisa. Akakuombea watoto wanne." Akaacha kucheka. Akamtazama kwa makini, sauti imeshuka. "Niken, hujafungwa na neno usilolielewa. Nitampigia, nimweleze."

Niken alimrudishia simu.

"Mpigie," alisema. "Na umwambie aongee taratibu. Nataka niseme ndiyo nikiwa nimeelewa."