Turbo ya Mzee Vipuri

Kila siku akitoka shule, Spana alipitia nyumbani kuvua sare, akavaa ovaroli lililokuwa la kaka yake, kisha akakimbia hadi gereji ya baba yake mwisho wa mtaa. Spana halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na mafundi wa jirani, kwa sababu msichana huyu ukimwomba spana ya namba yoyote, alikuletea ile ile bila kuuliza mara mbili. Alikuwa darasa la sita, na alilijivunia jina hilo kuliko alama zake za hesabu, ambazo kusema kweli hazikuwa za kujivunia.

Wiki hiyo gereji ilikuwa na kazi moja kubwa. Mama Madawati, seremala aliyetengeneza madawati ya shule, alikuwa ameleta gari lake kuukuu la dizeli. Bodi lilikuwa zima na viti vilikuwa vizima, lakini injini ilikuwa imechoka. Kila alipofunga trela nyuma na kuanza kupanda mlima wa kwenda shule ya juu, gari lilihema kama mgonjwa.

"Fundi, juzi mbuzi alinipita," alimwambia baba yake Spana. "Tena alikuwa anakula njiani. Watoto wa shule ya juu wanakaa sakafuni wakisubiri madawati yangu, na gari jipya siliwezi. Lipe nguvu hili hili."

"Nguvu litapata, ila na breki tutaweka mpya," Baba alijibu. "Gari linaloweza kuvuta lakini haliwezi kusimama, hilo si gari, ni msiba."

Baba akaweka klachi mpya na rejeta kubwa zaidi ili injini isichemke. Kisha akaenda na Spana kwa Mzee Vipuri, muuzaji wa vipuri vilivyotumika pale karibu na soko, kununua turbo. Turbo ni kile kidude chenye umbo la konokono kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini, na injini ikipata hewa nyingi hupata nguvu. Mzee Vipuri aliizungusha kwa kidole mbele yao.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Spana. "Unasikia kukwaruza? Husikii. Mimi siuzi kitu kibovu."

Gereji ya Baba ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Bomba lolote la injini likiachwa wazi, lilizibwa kwa kitambaa chekundu, lisiingie mchanga wala nati. Kilikuwa chekundu ili kionekane, na hakuna bomba lililofungwa kabla vitambaa vyote vyekundu havijarudi kwenye msumari wao ukutani. Kazi ya kuziba mabomba alipewa Spana.

Ijumaa asubuhi Spana alipita gereji kumpelekea Baba chai. Siku hiyo shuleni kulikuwa na mashindano ya mbio, na kila mkimbiaji wa timu nyekundu alitakiwa kufunga kitambaa chekundu kichwani. Spana alikuwa amesahau kutafuta chake. Baba alikuwa nje akizungumza na mteja. Spana alichomoa kitambaa kutoka kwenye bomba la hewa la turbo, na mahali pake akasukuma kipande cha fulana kuukuu, cha kijivu. Akajiambia kwamba jioni angevibadilisha na hakuna ambaye angejua.

Alikimbia vizuri, akawa wa pili. Aliporudi alasiri, bomba la hewa lilikuwa limeshafungwa na kukazwa; Baba hakuona chekundu chochote mdomoni mwake, na kwa haraka hakuhesabu vitambaa vya ukutani.

Spana alisimama akilitazama. Bila shaka Baba alikiona kile cha kijivu akakitoa, aliwaza. Angeweza kuuliza, lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba alivunja sheria. Akakitundika kitambaa chekundu kwenye msumari, akachukua ufagio, akafagia hata mahali palipokuwa safi.

Jumatatu Mama Madawati alilichukua gari. Likiwa tupu lilikwenda vizuri. Alipofunga trela lililojaa madawati na kuugusa mlima, likatoa moshi mweusi, likakohoa na kusimama. Vijana walimsaidia kulirudisha kinyumenyume hadi chini, na likafika gereji likijikokota, mtaa mzima ukitazama.

"Fundi, umeweka turbo au jiko la mkaa?" mmoja wao aliuliza, na wenzake wakacheka.

Baba hakucheka. Alifungua kichujio cha hewa, kilikuwa safi. Akatazama ukutani, vitambaa vyekundu vilikuwepo vyote. "Basi si kosa letu," alisema. "Yule mzee ameniuzia turbo mfu."

Spana alijua. Tangu alipouona ule moshi alijua, na mdomo wake ukakataa kufunguka.

Baba alimshika mkono wakaenda sokoni. Dukani kwa Mzee Vipuri kulikuwa na wateja, na mmoja alikuwa ameshika pampu ya maji akitaka kuinunua. Baba hata hakusalimu.

"Umeniuzia takataka, mzee. Umeniaibisha mbele ya mtaa mzima."

"Fundi, taratibu. Niliizungusha ukaiona."

"Niliona ulichotaka nione. Unawaibia watu kwa ulimi mtamu."

Wateja walitazamana. Yule mwenye pampu aliirudisha mezani polepole, akaondoka bila kuaga. Mzee Vipuri alimtazama mpaka akapotea katikati ya watu, kisha akamgeukia Spana.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Ilikwaruza?"

Macho ya watu wote yalikuwa juu yake. Spana alitazama vidole vya miguu yake. "Sikumbuki, babu," alisema.

Mzee aliketi kwenye kigoda chake. Spana alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi nayo ina kazi zake.

Waliporudi gereji, Baba alilala chini ya gari ili aifungue turbo na kuirudisha. "Kumi na tatu," alisema. Spana akampa spana. Baba aliitazama, akamtazama yeye. Ilikuwa kumi na saba.

"Unaumwa?"

"Baba, usifungue turbo," Spana alisema, na machozi yakamtangulia. "Fungua bomba la hewa. Kuna kitambaa ndani. Nilichukua chekundu nikaenda nacho kwenye mbio, nikaweka cha kijivu."

Baba alilifungua bomba. Kwenye kona yake, ndani kabisa, kitambaa cha kijivu kilikuwa kimejikunja, ncha yake imetafunwa na mapanga ya turbo. Alikivuta. Akaizungusha turbo kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Akaketi kwenye tairi kuukuu, mikono imelegea magotini.

"Ulijua tulipokuwa kwa mzee?"

"Nilijua, Baba."

Baba alifunika uso kwa viganja vyake vyenye grisi. Spana alikuwa amejiandaa kwa makofi. Kumwona baba yake akiona aibu kulimuuma kuliko makofi, na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," Baba alisema mwishowe. "Wewe ulinyamaza, na mimi nilisema kabla sijatafuta. Kesho tutakwenda."

"Tusiende sasa hivi, Baba? Watu wameshapungua."

"Ndiyo maana tutakwenda kesho. Tulimtukana mbele za watu, hatutamwomba radhi uchochoroni."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya shule, Mama Madawati alijaribu tena. Gari lilivuta trela lake hadi juu bila moshi na bila kuhema, na kutoka bondeni walimsikia akipiga honi kwa furaha. Spana aliisikia honi hiyo akiwa njiani kwenda sokoni, na haikumfurahisha hata kidogo.

Duka lilikuwa limejaa. "Shikamoo, babu," Spana alisema. Mzee Vipuri alipanga boliti zake kwanza, zote, ndipo akajibu, "Marahaba."

Baba alipaza sauti ili kila mtu asikie. "Jana nilimwita mzee huyu mwizi. Turbo yake ni nzima. Kosa lilikuwa la gereji yangu, na mimi nilikosa adabu. Nisamehe, mzee wangu."

Spana alijua zamu yake imefika. Alieleza yote, kitambaa na mbio na bomba. "Na jana uliponiuliza, nilikumbuka vizuri," alimalizia. "Haikukwaruza. Nilidanganya. Nisamehe, babu."

Mzee Vipuri alisimama, akampa Baba mkono, na Baba akaushika kwa mikono yote miwili.

"Nimewasamehe, fundi," alisema. Kisha akamwinamia Spana. "Kitambaa ni makosa ya mtoto, na mtoto hakosi kukosa. Lakini yule mteja wa pampu unamwona hapa leo?"

Spana alitazama sura moja baada ya nyingine. Hakuwepo.

"Mimi simjui jina wala simjui kwao," mzee alisema. "Huko aliko anawaambia watu kuwa nauza vitu vibovu, na ukweli wenu wa leo hautamfikia. Ukweli uliochelewa ni bora kuliko uongo, mwanangu, lakini huwakuta baadhi ya watu wameshaondoka. Siku nyingine useme mapema, wote wakiwa bado wapo."

"Nimesikia, babu," Spana alisema. Alikwenda shule akiwa amechelewa, na njia nzima alikuwa akitazama nyuso za wapita njia, akimtafuta mtu wa pampu.