Weusi wa Mteremko wa Verla

Pikapu ilikata roho kwenye kona ya juu, pampu ya maji imefungwa nyuma, na nyumba waliyokuwa wakiikimbilia bado iko chini bondeni, kando ya mto Klamath. Delmar akapiga stata. Ikakohoa, ikanyamaza.

"Shuka, shemeji," alisema Verla, mjane wa kaka yake. "Hii imeshakuwa kuni."

Moto ulikuwa unakuja kwa ubavu wa mlima, ukinguruma. Misonobari iliwaka kutoka mizizini hadi kileleni kwa pumzi moja. Delmar akaanza kuifungua pampu.

"Nyumba itaungua, Verla! Kaka aliijenga kwa mikono yake."

"Na wewe ukiungua nimweleze nini huko aliko? Iache!"

"Basi turudi juu, barabarani."

"Moto unapanda mlima kukushinda, na tumbo hilo! Tushuke kwenye fito zangu za vikapu."

Wakashuka, Verla mbele, wakiteleza juu ya majani makavu. Cheche zilimtoboa Delmar shati. Kiganja chake kikachanika kwenye mwamba. Verla akakifunga kwa kitambaa cha kichwa, akampa chupa.

"Funda moja. Usioge."

Wakatokea mahali pa wazi. Mimea ya fito ilikuwa imefika magotini, mibichi, imenyooka, ardhi chini yake bado nyeusi. Masika yajayo Verla angezikata fito hizo asukie vikapu. Fito nyoofu huchipuka palipoungua; ndiyo maana yeye na ndugu zake waliuchoma mteremko ule vuli iliyopita, kama mama zao walivyochoma. Moshi ulimkera Delmar siku ile, akawapigia simu zimamoto.

Sasa alilala kifudifudi katikati ya weusi uleule, pua mchangani.

Moto ukafika ukingoni. Ukatafuta jani kavu, ukakosa. Ukapungua hadi kimo cha kifundo cha mguu, ukagawanyika, ukawapita pande zote mbili kuelekea kileleni. Ulipoilamba pikapu, ikasikika ikipasuka.

"Gari langu," Delmar alinong'ona.

"Lilikuwa baya. Inuka, zima cheche hizo!"

Wakazipiga kwa makoti na buti, wakizifuata moja moja mteremkoni, hadi moshi ukapasuka na bati likang'aa chini yao. Nyumba ilikuwa bado imesimama. Kibanda cha kukaushia samaki nacho kilikuwa kimesimama, mlango wazi vilevile Verla alivyouacha.

Waliketi kibarazani, nyuso nyeusi kama masufuria, wakila samaki wa moshi kwa vidole. Delmar alikula kwa mkono wa kushoto, bila haraka, macho mteremkoni, kwenye doa lile la kijani.

"Verla. Mtachoma tena lini?"

"Mvua za kwanza zikishalowesha msitu."

"Nitakuja."

"Njoo," alisema Verla, akimsogezea kipande kinono. "Ila simu utaniachia mimi."