Ufa Chini ya Kitanda cha Mzazi

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda uani kuchota ndoo ya maji. Si ya kupikia, wajukuu zangu, wala ya kuoga. Ilikuwa ya fundi, aliyepiga magoti chumbani akipasua sakafu yangu kwa nyundo na tindo.

Ufa wenyewe ulianzia mlangoni, mwembamba kama uzi, na miaka yote hiyo tuliupita tu. Dada yenu mkubwa alipojifungua na kuja kulelewa kwangu na kichanga chake, ufa ukapata miguu. Ukakata katikati ya chumba, ukaelekea kitandani. Tukahamishia kitanda ukuta wa pili.

Ukageuka. Ukakifuata.

Nikasema basi. Sakafu hii nimeibebea mchanga kichwani, mama yenu yuko tumboni. Sihamishwi na ufa.

"Bibi, ufa hauzibwi juu juu," fundi alinieleza, na yule domo lake halipumziki. "Unaufungua kwanza, unausafisha, unaunywesha maji, ndipo unaushindilia saruji. Halafu naona zege hili lilimwagwa siku mbili. La jana na la leo halikushikana."

Alisema kweli. Siku tulipomwaga sakafu hii, saruji ilituishia jioni, kazi iko nusu, na babu yenu akasema tutamalizia kesho. Asubuhi tukakuta alama kwenye zege bichi, pale pale tulipokomea. Kisigino. Kimoja, kirefu, kimezama... na hakuna unyayo wa kuja wala wa kuondoka. Babu yenu akasema ni mbwa. Nikamuuliza, mbwa gani anatembea kwa kisigino? Akanikata jicho, akakimwagia zege juu.

Niliporudi na ndoo, mlio wa nyundo ulikuwa umekatika.

Fundi amesimama, mgongo umeganda ukutani. Ufa uko wazi, unaingia vidole viwili. Ulikuwa unatoa harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni.

"Mama yangu yumo humo," akanong'ona. "Ananiita."

"Mama yako si mzima?"

"Mzima, bibi. Nimemwacha nyumbani anachambua mchele."

Akaanza kusogea kuelekea mlangoni.

"Nitakuja kumalizia kesho," akasema.

"Kesho ndiyo iliyotuletea haya. Maliza leo."

Nilikuwa nasema na mlango. Mwiko ulibaki sakafuni, na saruji aliyokwisha kuichanganya ikabaki kwenye karai. Na saruji iliyochanganywa haimngoji mtu.

Dada yenu alikuwa sebuleni, mtoto yuko ziwani ananyonya. "Bibi, tuondoke tu," akasema.

"Kitanda tulikihamisha kikafuatwa. Huko uendako hakuna sakafu? Kaa hapo, unyonyeshe."

Nikawasha taa. Nikapiga magoti, na magoti yangu mnayajua yanavyolia. Nikanywesha ufa maji.

Glu... glu... glu.

Unakunywa kama mtu.

Nikaanza kushindilia, kutoka mlangoni kuelekea kitandani. Kwanza nikasikia mluzi wa marehemu dada yangu, ule wa kuniita tukachote maji. Sikuitika. Akaja marehemu mama yangu, akilalamika baridi. Sikuitika, ingawa machozi yalinitoka. Nilipobakiza pengo la kiganja kimoja, kukawa kimya.

Kisha mtu akakohoa. Kikohozi cha marehemu babu yenu.

"Mke wangu mpenzi... tafadhali... usinizibe. Nipe mtoto nimshike kidogo tu."

Mkono wangu ukasimama. Sauti ilikuwa yake, hata ule mkwaruzo wa tumbaku.

Halafu nikacheka.

Maisha yangu yote na yule mzee, "tafadhali" haikupita kinywani mwake. Akitaka chai, anagonga kikombe. Na huyo mpenzi ni nani? Mimi nilikuwa "we mwanamke" mpaka mbele ya wakwe.

"Sauti umeiba," nikauambia ufa. "Tabia umeiacha."

Kitu kikasukuma mwiko kutoka chini.

Nikasukuma na mimi. Nikashindilia saruji yote iliyobaki, nikatupa ubao juu yake, nikaukalia. Ubao ukagongwa. Ngo... ngo... Ukainuka kidogo, na mimi juu yake. "Inua," nikasema. "Makalio haya yamekalia misiba mikubwa kuliko wewe." Nikakigombeza mpaka sauti ikanikauka, na saruji ikashika.

Kulipokucha nikaondoa ubao. Saruji ilikuwa nyororo, ila pale mwisho, karibu na kitanda, ilikuwa imetuna. Kiganja. Hakikubonyea kwenda chini. Kimejitokeza juu, vidole vimetanuka. Fundi alirudi mchana, hatazami usoni, akataka kukisawazisha. Nikamkataza tindo. Nikaweka kiti changu hapo hapo, na ndipo ninapokaa mpaka leo.

Ufa haujaongezeka.

Lakini juzi nilikuwa uani naanika nguo. Dada yenu akatoka na mtoto, akaniona, akasimama ghafla.

"Bibi... si uko chumbani? Umeniita sasa hivi. Umesema nimlaze mtoto chini kidogo, tafadhali."

Kumbe usiku ule nilipokuwa nakigombeza, chenyewe kilikuwa kinajifunza sauti yangu.

Sasa nisikilizeni, nyote mnaokaa nyumba hii. Siku nikiwa sipo, mkisikia sauti yangu sakafuni inabembeleza, bebeni mtoto, na tindo lisiguse pale. Mimi sijawahi kumbembeleza mtu.

Nikija mwenyewe, nitakuja nikigomba.